Ukuta Uliolia Kabla ya Mvua

Siku yangu ya kwanza katika Idara ya Ujenzi pale Mpanda nilifika na mwiko mpya, niliokuwa nimeusugua kwa mchanga mpaka ukang'aa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye mke na watoto, na nilikuwa nimeshajenga makanisa ya vigango kwa mikono yangu, kwa hiyo nilijiona fundi kamili. Fundi Mkuu, mzee mfupi kutoka Ufipa aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa jua kali, aliutazama ule mwiko, kisha akanitazama mimi.

"Huo wa nini?"

"Wa kazi, mzee."

"Nani kakwambia leo tunapiga plasta? Utie kwenye gunia. Leo unafanya kazi kwa mgongo wa mkono."

Alinipeleka kwenye nyumba ya mtumishi mmoja mtaa wa Kashaulili. Chumbani kulikuwa na doa jeusi ukutani, na harufu kama ya magunia ya karanga yaliyonyeshewa. Kila mwaka mafundi walikuja wakapiga plasta juu ya doa, na kila mwaka doa lilirudi. Fundi Mkuu aliniambia niupapase ukuta wote kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja cha mwashi kimekufa kwa kushika matofali, lakini mgongo wa mkono bado una ngozi ya mtoto. Nikapapasa. Chini pakavu, katikati pakavu, juu karibu na dari baridi.

"Sasa toka nje, utazame palepale ulipohisi baridi," akasema.

Nje, juu ya pale, ndege walikuwa wamejenga kiota ndani ya gata, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa. Maji yalikuwa yakijaa na kumwagika nyuma, ndani ya ukuta. Tulitoa kiota, tukasafisha gata, tukaondoka bila kugusa saruji. Mwenye nyumba alilalamika kwamba hatujafanya kazi. Fundi Mkuu alimjibu kwa upole, "Mama, plasta ni blanketi. Mgonjwa ukimfunika hujamponya. Subiri masika, kisha unisalimie." Masika yalipita, na yule mama alikuja ofisini mwenyewe na kuku.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya hadi nilipostaafu. Vijana wengi leo wanadhani kazi ya ujenzi ni kusimamisha kuta. Namshukuru Mungu kwamba mimi alinipa kazi ya kuziuliza kuta kinachoziumiza.

Fundi Mkuu alinifundisha kwamba maji huingia nyumbani kwa milango minne: kwa juu kupitia paa, kwa ubavuni mvua inapopiga, kwa chini kupitia msingi, na kwa mikono ya watu wenyewe. Mlango huo wa mwisho ndio unaofichwa zaidi, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa kwamba maji ni ya kwake. Nilipopelekwa Inyonga nilikuta nyumba ya mwalimu ambayo ukuta wake ulilowa kiangazi na masika sawasawa. Mkewe alikuwa na bustani nzuri ya maua iliyoegemea ukuta, akaimwagilia kila jioni, na udongo wa bustani ulikuwa umepanda juu kuliko karatasi ya lami. Karatasi hiyo hulazwa juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, ili maji ya ardhini yasipande. Ukirundika udongo ukaivuka, umeyajengea maji ngazi. Na Litapunga, kwa wakulima waliotoka Burundi, nilikuta mzee aliyeelekeza maji ya bafu kwenye migomba yake, na migomba yenyewe imesimama mkono mmoja tu kutoka dirishani. Ndizi zilikuwa kubwa ajabu. Nilipomwambia migomba ndiyo inayoulaza ukuta kwenye maji, aliuliza, "Na ukuta hauwezi kuhama?" Tulicheka wote wawili, lakini mfereji wa bafu aliuhamisha.

Bwana Mhandisi wa Wilaya tuliyekuwa naye miaka hiyo alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu nyingi mfukoni. Yeye ndiye aliyeniongezea kipimo cha nailoni. Unachukua kipande cha nailoni safi, unakibandika juu ya sehemu ya ukuta iliyokauka, unaziba kingo zote kwa nta ya nyuki isipite hewa, unasubiri. Maji yakitokea chini ya nailoni, yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea nje, kwenye sehemu iliyo wazi, huku chini ya nailoni pakibaki pakavu, basi yanatoka hewani. "Kipimo hiki kinataka kitu ambacho mafundi wengi hawana," aliniambia.

"Nta, bwana?"

"Subira."

Subira mimi nilikuwa nayo. Nilifundishwa ukatekista kabla sijafundishwa uashi, na Maandiko yenyewe yanamtuma kuhani kukagua nyumba yenye doa ukutani, aifunge, aondoke, kisha arudi kuitazama tena kabla ya kutoa hukumu. Nilipokuwa kijana sehemu hiyo ilinichosha. Nilipokuwa fundi niliisoma kama maelekezo ya kazi.

Hukumu niliyoisaidia kuchelewa, na ambayo ninaishukuru kuliko kazi nyingine zote, ilikuwa Kasokola.

Kulikuwa na mjane aliyeitwa Mama Limi, muumini wa kigango chetu. Mumewe, Masunga, alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Alifariki kwa homa kiangazi kimoja, akiwa kitandani kwake. Mawingu ya kwanza yalipokusanyika baada ya msiba, hata kabla tone moja halijaanguka, ukuta wa chumba kile alichofia ulianza kutoa matone. Matone yakateremka. Yalipokauka yaliacha unga mweupe wenye ladha ya chumvi.

Wadogo wa marehemu walisema ni machozi. Mkubwa wao, Maganga, alisema wazi mbele ya watu kwamba kaka yake analia ndani ya ukuta kwa sababu ya kilichomuua, na kwamba kilichomuua bado kinalala humo ndani na kupika kila siku. Hakumtaja shemeji yake kwa jina. Haikuhitajika. Wote tulijua neno la namna hiyo likitembea kijijini huishia wapi, na kwamba wajane wengine hawakuhukumiwa na baraza lolote, waliuawa usiku tu. Ukoo ulipanga kikao. Mama Limi angeondoka kabla ya msimu wa kupanda, watoto wangebaki kwa baba zao wadogo.

Aliponijia baada ya ibada, nilimshauri ahamie kwa mzee wa kanisa mpaka mambo yatulie. Alikataa.

"Nikitoka leo, katekista, nitakuwa nimekiri. Njoo uutazame ukuta. Si ndiyo kazi yako?"

Nilimwomba ruhusa Bwana Mhandisi, kwa sababu nyumba haikuwa ya serikali. Akafikiri. "Nenda siku yako ya mapumziko," akasema. "Lakini usiende na jibu mfukoni, hata jibu zuri. Ukimpenda huyo mama, upime ukuta wake kama vile humjui."

Nilikwenda nikaanza kama nilivyofundishwa. Paa lilikuwa zima. Nilipanda darini, mbao zilikuwa kavu na zina vumbi. Bafu lilikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja. Ukuta wa nje ulikuwa mkavu kabisa, na kisima cha jirani kilikuwa kirefu sana kwa maji yake kufikia msingi. Milango yote niliyoijua ilikuwa imefungwa, na bado ukuta ulikuwa na madoa meupe, toka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Kitu kimoja tu kilinishika: doa halikuzunguka chumba kizima. Liliishia katikati ya ukuta mrefu, limekatika wima kama limekatwa kwa kisu. Upande huu doa, upande ule hakuna kitu, ingawa plasta ilikuwa ileile.

Siku hiyo jua liliwaka na ukuta ulikuwa mkavu. Nikabandika nailoni katikati ya doa, nikaziba kwa nta. Maganga alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Unamfunga bandeji?"

"Ninamwuliza swali, bwana."

"Mlichofundishwa mjini huko ni kuongea na kuta. Sisi tunaongea na watu. Huyu akiondoka, ukuta utanyamaza, utaona."

"Labda. Lakini akiondoka kabla ya mawingu, hamtajua kama ni yeye aliyeunyamazisha au ni jua. Nipeni mpaka mawingu yarudi. Kama ni machozi ya kaka yako, nailoni haitayazuia."

Hilo lilimgusa, kwa maana alikuwa na hakika. Wazee wa ukoo nao waliona ni haki. Kikao kikasogezwa.

Nisiwafiche, siku zile za kusubiri zilikuwa ndefu. Mama Limi aliendelea kulala humo ndani na wanawe. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Mama mkwe wake, Bibi Holo, kikongwe ambaye macho yalikuwa yamefifia, ndiye peke yake aliyeendelea kukaa naye jikoni, akimwita "mayu", yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. Mimi nilisali kila asubuhi nikitazama mbingu juu ya milima, na sidhani kama nimewahi kuomba mawingu kwa bidii vile, hata nilipokuwa na shamba.

Yalikuja asubuhi moja, mazito, hewa ikawa kama pumzi ya mtu aliye karibu. Nilipofika Kasokola watu walikuwa wamejaa uwanjani. Ukuta ulikuwa unalia. Matone yaliteremka pande zote za nailoni, na wanawake wengine walijifunika midomo kwa khanga.

Nilimwita Maganga. "Shemeji yako ndiye anayetuhumiwa, na mimi ni katekista wake, kwa hiyo sisi wawili tusiguse. Toa nailoni wewe."

Aliibandua kwa ncha ya kisu. Nikamwambia aweke mgongo wa mkono pale ilipokuwa. Aliweka. Akautoa, akautazama, akaurudisha tena.

"Pakavu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, hatukusikii!" mzee mmoja wa ukoo akapaza sauti kutoka nje.

"Pakavu! Hapa chini ni pakavu!"

"Sasa kaka yako analilia wapi?" yule mzee akauliza. "Hewani? Au nailoni imemziba mdomo?" Baadhi ya watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza katika uwanja ule tangu msiba.

Maganga hakucheka. "Amepaka dawa huyu," akasema, akinionyesha kidole.

"Nimepaka nta, na harufu yake unaisikia kwenye vidole vyako," nikamjibu. "Maji haya hayatoki ndani ya ukuta. Ukuta unayanywa kutoka hewani. Swali ni kwa nini ukuta huu una kiu na ule wa pili hauna."

Ndipo Mama Limi alipoingia jikoni akatoka na kopo la chumvi. Alilipindua mbele yetu. Hakikumwagika kitu, chumvi ilikuwa imelowa, imegandamana chini.

"Hii nayo inalia," alisema. "Kila mawingu yakija inalia. Kama ukuta una chumvi, basi ni kama kopo langu hili."

Nilikuwa nikitafuta maneno ya kulieleza jambo hilo kwa watu, na yeye aliyapata kabla yangu. Ndivyo ilivyo hasa. Chumvi huivuta hewa yenye unyevu na kulowa nayo. Ukuta ulioshiba chumvi hutoa jasho mvua ikiwa bado njiani, jua likirudi hukauka na kubaki na unga mweupe. Lakini bado ilibaki kujua chumvi hiyo imetoka wapi, na kwa nini iliishia katikati ya ukuta. Niliuliza wazee. Nani alikuwepo nyumba hii ilipojengwa? Wadogo wa Masunga walikuwa bado Usukumani wakati huo. Mama Limi alikuwa bado hajaolewa.

"Mimi nilikuwepo," alisema Bibi Holo kutoka kwenye kigoda chake.

"Bibi, kabla ya nyumba, hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na ng'ombe. Zizi la kwanza la mwanangu, tulipofika. Walilala hapo miaka mingi, wengi, mpaka udongo ukawa mweusi. Walipohamishiwa bondeni alisema uwanja umesafishwa tayari, kwa nini akate miti mingine? Akajenga." Alitikisa kichwa. "Mliniuliza nani alifia humu. Hakuna aliyeniuliza nini kililala hapa."

Tulichukua jembe na sururu tukachimba nje, kando ya msingi, sambamba na pale doa lilipoishia ndani. Kila mtu alisogea kutazama. Upande mmoja wa shimo udongo ulikuwa mwekundu, wa kawaida wa Kasokola. Upande wa pili ulikuwa mweusi, mlaini, na ulipofunuliwa ulitoa harufu ya zizi kana kwamba ng'ombe wametoka jana. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa wima, na uliangukia sawasawa na lile doa lilipokatika. Mkojo na samadi ya ng'ombe huacha chumvi kali ardhini. Kila masika maji kidogo hupanda kwenye msingi usio na karatasi ya lami, yakaibeba chumvi mpaka ukutani, yakakauka, chumvi ikabaki. Mwaka baada ya mwaka.

Mzee wa ukoo alikuwa na swali la haki kabisa. "Kama chumvi ilikuwepo miaka yote hiyo, mbona ukuta haukulia Masunga akiwa hai?"

Nilimwomba Mama Limi aeleze alivyokuwa akiutunza ukuta ule. Alisema alifanya kama mwanamke yeyote wa kwao: kila kiangazi alikwangua udongo wa zamani uliolegea, akaukandika upya kwa udongo safi wa kichuguu, akalainisha kwa kiganja.

Nikawaambia watu: ule udongo aliokwangua na kuutupa kila mwaka ndio uliokuwa umebeba chumvi. Bila kujua, alikuwa akiunyonya ukuta sumu yake na kuitupa jalalani. Aliuponya kila mwaka tangu alipoolewa. Mwaka huu haukukwanguliwa, kwa sababu ulifunikwa kwa plasta ya saruji, ngumu, laini, isiyonywa hata tone. Chumvi ikasukumwa mpaka juu ya uso, na matone yakakosa pa kuingia, yakateremka mbele ya macho ya watu.

Wote waliokuwepo walijua plasta ile ilipigwa lini. Ilipigwa kabla ya kuondoa matanga, ili wageni wa marehemu wasikute chumba cha udongo.

"Saruji niliileta mimi," alisema Maganga hatimaye. Alikuwa anatazama shimo. "Nilitaka kaka aheshimiwe."

"Na uliheshimu," akasema mama yake kutoka kigodani. "Heshima yako ni nzuri, mwanangu. Ila uliipaka mahali pabaya. Sasa shika hilo jembe, usisimame kama mgeni."

Alilishika. Yeye na ndugu zake waliuchimba udongo wote mweusi kando ya msingi wakaupeleka shambani, ambako uliwapa mahindi ya kusifiwa. Tulitandaza mchanga na kokoto mahali pake, tukabandua saruji yote, tukauacha ukuta upumue, kisha Mama Limi akaukandika kwa udongo wa kichuguu kama alivyozoea. Wazee walimtaka Maganga achinje mbuzi uwanjani kwa shemeji yake, tukala wote, na watu waliokuwa wameacha kuja kuomba moto walikuja kuomba nyama. Kikao cha ukoo hakikuitishwa tena.

Nilipomweleza Bwana Mhandisi aliweka kalamu mezani. "Mlango wa tano," alisema. "Sasa nawe ufundishe." Nimefundisha. Baadhi ya wanafunzi wangu ni wasimamizi wa majengo leo, na kila mmoja wao huanza na swali la Bibi Holo: kabla ya nyumba, hapa palikuwa na nini?

Nimestaafu sasa, na mgongo wa mkono wangu umezeeka kama kiganja. Kila ninapoingia kwenye nyumba, hata ya msiba, mkono wangu hugusa ukuta kabla sijaketi, wanangu wananicheka. Ninamshukuru Mungu kwa vitu vingi katika kazi hii, lakini kwa kiburi cha mzee nitataja kimoja.

Tulipobandua ile saruji, Mama Limi aliomba tuache kipande kimoja, ukubwa wa sahani, karibu na mlango. Sikumwuliza sababu. Kipande hicho bado kipo, na bado kinatoa jasho mvua ikiwa njiani. Kila mwaka majirani wakishaandaa mashamba na hawana hakika kama ni wakati wa kutupa mbegu, hupita kwake kwanza. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimkuta Maganga, mvi zimemjaa kichwa kizima, amesimama nje ya mlango kavua kofia, anapaza sauti:

"Shemeji! Ukuta unasemaje?"

Naye alijibu kutoka ndani bila haraka, kama mwenye nyumba, "Bado. Rudi kesho."

Akarudi kesho yake.